Mume Wangu na Dawa ya Macho ya Mama

Mama alipokuja kukaa kwetu Temeke ili atibiwe jicho, jambo la kwanza alilofanya mume wangu ni kuitoa cherehani yake chumbani na kuipeleka barazani. Hakuna aliyemwambia. Mtu na mkwewe hawakai chumba kimoja, na sie tulikuwa tumepanga vyumba viwili tu, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa madebe. Ilibidi mmoja wao awe nje, na mama ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Temeke bado ina mikorosho mingi kuliko watu. Mie nilikuwa sijamaliza mwaka katika ndoa. Mume wangu alishona kanzu, na kwa kanzu alijulikana mpaka Mtoni. Watu walimsifia shingo za kanzu hizo: alikuwa anazitarizi kwa mkono, taratibu, uso umeinama, na ukimsemesha wakati huo hajibu. Alikuwa mtu wa hadhari. Maji ya kunywa aliyachuja kwa kitambaa, halafu akayachemsha, halafu akayachuja tena, maana sufuria nayo huwezi kuijua.

Kwa mama mkwe hadhari yake ilizidi. Walikuwa hawatazamani wala hawasemeshani. Mama akiwa ndani na mume wangu akiwa barazani, dirisha liko wazi na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri, mama atasema, "Mwanangu, mwambie mwenzio chai imeiva." Nami nitatoka nje niseme, "Chai imeiva." Naye atasema, "Mwambie mama nashukuru." Nitarudi ndani niseme, "Anashukuru." Mama atasema, "Nimesikia."

Jicho lenyewe lilikuwa la kushoto. Lilikuwa jekundu, linauma mpaka kisogoni, na halitaki mwanga. Kule kwao, upande wa Kisiju, walikuwa wameshalitia chai ya rangi iliyopoa, wakalitia maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, na mtu mmoja akaleta maji ya majani ambayo hakutaka kuyataja. Jicho halikujali. Mama alinizaa akiwa mdogo sana, alikuwa bado hajafika arobaini, na alikuwa anaishi kwa kushona kofia. Kofia inataka macho. Ndipo akafunga mkeka wake akaja.

Nilimpeleka hospitali kubwa ya mjini. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, hana maneno mengi, na pembeni yake alikaa mganga msaidizi, kijana wa bara, ambaye kazi yake ilikuwa kututafsiria. Daktari alimulika jicho la mama kwa kitaa kidogo, akatazama muda mrefu, akasema.

"Anasema ugonjwa hauko juu ya jicho, uko ndani," alisema yule kijana. "Huu ukuta unaozunguka mboni umevimba, unataka kugandana na kilichoko nyuma yake. Ukigandana, jicho linaharibika. Dawa hii inaipanua mboni ili isigandane. Utaona ukungu, na jua litakuchoma. Usiogope, hiyo ndiyo kazi yake."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Anasema tena, dawa hii ni ya jicho hili peke yake. Si ya jicho la pili, si ya jirani, si ya shangazi."

"Shangazi yangu amekufa," alisema mama.

Yule kijana akamtafsiria daktari. Daktari akaonekana kusikitika, akasema neno.

"Anakupa pole."

Tukarudi nyumbani na chupa ndogo ya rangi ya kahawia, pamoja na kijibomba cha kioo chenye kichwa cha mpira cha kudondoshea. Chupa ilikuwa na karatasi imebandikwa, imeandikwa Kizungu. Nyumbani kwetu tulisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo karatasi ile tuliiheshimu bila kuisoma. Niliiweka chupa kwenye kishubaka cha ukumbini, na nikaifunga uzi mwekundu shingoni ili ijulikane ni ya mama. Mama alikuwa anajitilia mwenyewe. Hakutaka mtu amshike jicho.

Maumivu yalipungua. Mboni ya jicho lile ikawa kubwa, nyeusi, na nyingine ndogo kama ilivyokuwa. Akikutazama unaona kama unatazamwa na watu wawili. Lakini alilala usingizi, na akaanza kuuliza kwa nini wali wangu unashika chini.

Ramadhani ikaingia, na nyuma yake yakaingia macho mekundu.

Yalianza kwa wajukuu wa mama mwenye nyumba, yakaenda bombani, yakaenda sokoni, yakarudi kwetu. Asubuhi ulimkuta mtu mzima anatoka chumbani kwa kupapasa ukuta, kope zimeshikana kwa tongotongo, anaomba maji ya kujifungulia. Bombani hakuna aliyekuuliza hali, walikutazama tu. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mwenye nyumba aliamini maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, ila yawe ya mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume. Sokoni kulikuwa na bwana mmoja mwenye mwavuli, anauza maji ndani ya vichupa vya marashi, na alikuwa anasema yanatibu macho mekundu, vikope, chokea, mtoto wa jicho na husuda. Watu wakamuuliza kama yanatibu na chongo. Akasema inategemea chongo limekaa muda gani.

Mie yalinipata, nikaosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakaisha yenyewe. Halafu yakampata mume wangu. Aliamka siku hiyo amekaa kitandani, macho yamefumba, mikono juu ya magoti, anangoja.

"Mke wangu," alisema, "kumekucha?"

"Kumekucha."

"Basi ndiyo yamenipata."

Maziwa ya mama mwenye nyumba aliyakataa, na maji ya bwana wa mwavuli hakutaka hata kuyasikia. Alioga, akavaa kanzu safi, akaenda dispensari. Aliporudi aliniambia yote aliyoambiwa na dresa, yule mhudumu wa dispensari, kama mtu anayesoma somo aliloshika kwa moyo. Unawe mikono kwanza. Uvute kope la chini kwa kidole. Udondoshe tone moja, maana jicho halibebi zaidi ya moja, linalobaki linakwenda shavuni bure. Kioo kisiguse jicho, kikigusa kinapeleka ugonjwa ndani ya chupa. Kisha ufunge macho, ubane kwa kidole hapa kwenye kona karibu na pua, dawa isiteremke kooni. Na taulo lako usimpe mtu.

"Nimemuuliza, nikiionja kooni, saumu yangu inakuwaje," alisema. "Akasema yeye ni Mkristo wa Unyamwezini, hilo nikamuulize shehe."

"Ukamuuliza?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Shehe amesema jicho si njia ya tumboni. Saumu haiharibiki."

"Basi tia."

"Nitatia baada ya magharibi," alisema mume wangu. "Shehe anajua, lakini sina haraka."

Chupa yake ilikuwa ya kahawia, ndogo, na karatasi imebandikwa, imeandikwa Kizungu. Dawa za dispensari na dawa za hospitali zilitoka bohari moja, na bohari ilikuwa na chupa za aina moja. Aliiweka kwenye kishubaka, kando ya ile ya mama. Mie sikuona ubaya. Ya mama ilikuwa na uzi.

Uzi ule, nilikuja kujua baadaye, ulikaa pale mpaka jioni. Mume wangu alikuwa anamalizia kizibao chekundu cha mteja aliyekuwa anakingoja barazani. Kimebaki kifungo kimoja, na uzi mwekundu umemwishia. Maduka yamefungwa, watu wanangoja adhana. Fundi cherehani akiona kipande cha uzi kimezunguka kitu bila kukishona, moyo hautulii. Aliingia ukumbini, akaufungua, akairudisha chupa bila kuangalia upande, akashona kifungo, mteja akaenda zake. Alikusudia kufunga uzi mwingine. Ikaadhiniwa, tukafuturu.

Baada ya futari na sala, akanawa mikono kama alivyofundishwa, akasogeza koroboi, akachukua chupa. Nilimwona akivuta kope, akadondosha, akafumba, akabana penye pua. Alifanya macho yote mawili. Sijawahi kuona mtu akitia dawa vizuri kuliko vile.

Asubuhi alisema, "Dawa hii ni kali."

Alisema kwa kuridhika. Jua lilimchoma hata akatundika kanga yangu mbele ya baraza na kushona nyuma yake. Akasema mwanga kumchoma ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi. Jioni akatia tena. Kesho yake kinywa kilimkauka, ulimi unagonga kama kijiko, na mama mwenye nyumba alipomsikia anavyosema alisema hiyo ndiyo saumu, wengine tunashinda njaa tu. Wekundu ukaanza kuondoka. Macho mekundu huwa yanaondoka yenyewe, lakini mume wangu alimpa sifa yule dresa.

Kisha ikaja habari ya sindano.

"Sindano za siku hizi," alisema, "matundu wanayapunguza."

Nilimtungia uzi. Baada ya muda akaniita tena. Nikamtungia tena. Mwishowe nilikuwa natunga sindano nyingi kwa pamoja na kuzichomeka kwenye mto wake, kisha narudi jikoni. Alikuwa anaishika kanzu mbali, mkono umenyooka, kama mtu anayemkataa mtoto mchafu. Shingo ya kwanza aliyoitarizi siku hizo ilianzia kifuani vizuri, ikapanda, na ilipofika begani ikaendelea.

"Huoni?" nilimuuliza.

"Naona. Ule mkorosho wa kule ng'ambo naona mpaka jani."

"Na hii kanzu?"

Aliitazama muda mrefu. "Macho yamepona," alisema. "Tatizo ni kuona tu."

Ilikuwa imekaribia kumi la mwisho. Kanzu za Idi zilikuwa zimelundikwa barazani kwetu mpaka zinazuia mlango, na kila mwenye kanzu alikuwa anapita kuitazama.

Wakati huo mama alikuwa amenyamaza. Nilidhani amechoka na mfungo wa nyumba yetu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa anafunga kwa sababu ya ugonjwa. Siku moja nikamkuta amekaa uso ukutani, amejifunika ushungi mpaka puani, mchana kweupe.

"Mama, vipi?"

"Si kitu."

Niliufunua ushungi. Jicho lilikuwa limerudi jekundu kuliko siku aliyokuja, na machozi yanamtoka bila kulia. Ile mboni kubwa haikuwepo. Ilikuwa imekuwa ndogo, na haikuwa duara.

"Tangu lini?"

"Siku kadhaa. Mwambie mwenzio dawa ya hospitali yao imechacha. Natia, natia, haifanyi kitu."

Mume wangu alisikia kupitia dirishani. Akasema, "Mwambie mama kesho tutampeleka sote." Hakusema kwamba na yeye alitaka kuonwa. Alisema anakwenda kwa kuwa mjini kuna magari.

Tulikwenda kwa miguu, kupitia Chang'ombe, maana mama alisema mtikiso wa basi unamuumiza jicho. Mume wangu alitangulia mbele kwa heshima, mama nyuma, nami katikati kama kawaida yangu. Lakini jua lilikuwa limepanda, na mume wangu alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, mkono mmoja juu yake, anatembea kwa kukisia. Mwendesha baiskeli mmoja alimkosa kidogo. Mama, jicho moja limefungwa kitambaa, alikuwa anayaona yote hayo kwa lile lililobaki.

"Mwanangu," alisema, "mwambie mwenzio kuna shimo mbele yake."

"Kuna shimo mbele yako," nikasema.

"Mwambie mama nashukuru."

"Anashu..."

"Mwambie lingine hilo, kushoto."

Mume wangu alikuwa ameshatumbukia mguu mmoja. Tukaendelea. Tulipofika Kariakoo mama alikuwa ameshaniacha nyuma, anatembea hatua moja kutoka kwa mkwewe, anatazama upande, na kusema hewani tu, kama mtu anayejisemea: "Shimo. Mkokoteni. Ng'ombe." Naye alikuwa anakwepa. Hakuna aliyeleta habari ya kushukuru.

Hospitali tulimkuta daktari yule yule na kijana yule yule. Daktari alifungua kitambaa, akamulika, na nilimwona anavyobadilika uso. Akauliza kwa ukali.

"Anauliza, umeacha dawa?" alisema yule kijana.

"Sijaacha. Asubuhi, mchana, jioni," alijibu mama. "Hii hapa."

Akatoa chupa kwenye pindo la kanga. Yule kijana akaipokea, akasoma karatasi, akaisoma tena, akampa daktari. Daktari akasoma. Wakatazamana.

"Hii siyo tuliyokupa," alisema kijana. "Hii ni dawa ya macho mekundu, ya dispensari. Haina madhara, ila kwa ugonjwa wako ni sawa na maji. Ile yetu iko wapi?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama pembeni mwa dirisha, ameinama, mkono juu ya kofia. Daktari naye akamtazama. Akamwendea, akamwondolea mkono, akamnyanyua kope kwa kidole gumba, akamulika. Mume wangu akarudi nyuma kama aliyepigwa. Hapo ndipo nami nilipomtazama machoni vizuri. Kwa kuwa alikuwa anafumbafumba mchana kutwa sikuwa nimeona. Rangi ya jicho ilikuwa imebaki uzi mwembamba pembeni. Kwingine kote ni mboni, nyeusi ti.

"Daktari anauliza, wewe umetia nini?"

"Dawa," alisema mume wangu.

"Ya nani?"

Mume wangu alitazama sakafu. Mama, aliyekuwa anamtazama mkwewe uso kwa uso labda kwa mara ya kwanza, akageuka akatazama ukuta.

"Waambie," mume wangu aliniambia.

"Niwaambie nini?"

"Waambie ya mkwe."

Yule kijana wa bara alikuwa ameandaa swali lingine. Akalimeza. Akageukia ukuta ule ule aliokuwa anautazama mama, mabega yakamtikisika kidogo, kisha akarudi na uso wa kazi na kumweleza daktari maneno mengi. Daktari akauliza.

"Anauliza kwa nini mnaona haya namna hiyo," alisema kijana. "Nimemwambia sijui Kiingereza chake."

Lakini daktari hakuwa anacheka. Alisema jicho la mama limeanza kugandana kama alivyohofia, na kwamba hajui kama litafunguka au halitafunguka. Walimtia dawa pale pale, wakangoja, wakamtia tena, wakangoja, wakamtia tena. Kisha wakasema atalazwa. Mume wangu hana dawa, wakasema. Yake ni kungoja tu mpaka nguvu ya tone imwishie, huenda wiki, huenda zaidi, na asitie kitu kingine chochote, hata akiambiwa na nani.

Tulirudi Temeke wawili. Nilikuwa nafikiria kofia za mama, matundu yake madogo yale, ambayo kila moja analizungushia uzi kwa jicho na sindano. Nilikuwa nafikiria wadogo zangu waliobaki kule kijijini. Tulipofika mikoroshoni alisema, "Ule uzi."

"Uzi gani?"

Ndipo akanieleza habari ya kizibao na kifungo. Hakujitetea. Alisema, "Nilikusudia kufunga mwingine," kisha akaona maneno yenyewe yalivyo. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia sana. Lakini mtu unayemshika mkono asiingie kwenye mtaro ni vigumu kumkasirikia vizuri.

Kila siku nilipeleka chakula hospitali. Mume wangu alikuwa ananifuata mpaka getini, anakaa kwenye kivuli, ananingoja. Nikitoka anauliza, "Mboni?" Siku za kwanza nilijibu, "Vilevile." Alikuwa anaitikia na kuinuka. Hakuwa anakula futari vizuri. Aliswali sana, na aliposujudu alikuwa anakaa hukohuko mpaka nafikiri amelala. Halafu siku moja nilimkuta mama amekaa kitandani anamlalamikia muuguzi kuhusu uji, na mboni ya jicho lile ilikuwa imefunguka, si yote. Upande mmoja, chini, ilikuwa imeshikilia, ikawa na umbo la pera lililoumwa. Lakini daktari alimwonyesha vidole akavihesabu, akamwonyesha mlango akauona, akamwonyesha mganga msaidizi, mama akasema amekonda.

Nilitoka getini. "Mboni?" aliuliza.

"Ina umbo la pera lililoumwa. Anaona."

Mume wangu akakaa tena chini. Kisha akasema, "Twende, kanzu zinatungoja," ingawa sote wawili tulijua kwamba yeye kanzu hawezi kuzifanya kitu.

Mama aliruhusiwa kutoka Idi imebaki siku chache. Aliikuta baraza yetu imejaa, na wenye kanzu wameanza kuja kwa makundi. Mume wangu alikuwa anaweza kukata, maana kukata alikufanya akiwa amesimama, kwa mbali. Kushona kwa cherehani alikwenda kwa kupapasa, nami nikimnyooshea kitambaa. Shingo ndizo zilizoshindikana. Mie mkono wangu ni wa kuokota mchele, si wa kutarizi.

Mama alikaa ndani akisikiliza mashauri hayo. Halafu akasema kupitia dirishani, "Mwanangu, mwambie mwenzio..." na akasita. Nilimngoja amalize. Hakumaliza. Alitoka na mkeka wake, akautandika barazani upande wa pili wa cherehani, akajifunga vizuri, akakaa.

"Lete hiyo," alisema.

Sikujua anamwambia nani. Mume wangu ndiye aliyeipeleka. Aliinama, akaiweka kanzu mbele ya mkwewe, akarudi kwenye kiti chake kama mtu aliyerusha nyama kwa simba.

Mama alitarizi kwa jicho la kulia. La kushoto bado lilikuwa na dawa, na chupa ilikuwa pindoni mwake, haiendi tena kwenye kishubaka wala mahali popote pengine. Hakujua nakshi za kanzu. Alijua za kofia, basi akatia za kofia. Siku ya kwanza mume wangu alivumilia. Siku ya pili aliinyanyua kanzu, akanyoosha mkono mbali, akaitazama.

"Mama," alisema, "shingo ya kanzu haiwi hivi."

Nilikuwa mlangoni na sinia. Sikuingia wala sikutoka.

"Inakuwaje?" aliuliza mama.

"Inashuka. Hii yako inazunguka."

"Kofia inazunguka."

"Hii ni kanzu."

"Basi shona mwenyewe," alisema mama, na akaendelea kushona.

Walibishana hivyo mpaka Idi. Walibishana kuhusu nakshi, na kuhusu uzi wa hariri na wa pamba, na kuhusu kama mtu anayetoka kuugua jicho anaruhusiwa kupuliza moto. Watu waliokuja kuchukua kanzu waliwakuta wamepeana mgongo, wamekasirika, na kazi imekwisha. Wengine walizichukua kimya. Mmoja alisema akivaa anajiona kama amevaa kofia shingoni. Shehe aliishika yake, akapitisha kidole kwenye shingo.

"Huu si mkono wako," alimwambia mume wangu.

"Ni mkono wa mkwe wangu."

"Na macho yako?"

"Yanarudi."

"Nilikwambia utie mchana," alisema shehe. "Mchana ungeona chupa."

Akaivaa, akaswalisha nayo.

Macho ya mume wangu yalirejea baada ya Idi, kidogo kidogo. Asubuhi moja aliokota sindano, akatunga uzi mwenyewe kwa mara moja, akanionyesha bila kusema kitu. Tangu hapo kila chupa iliyoingia nyumbani kwetu, hata ya mafuta ya nazi, aliipeleka kwa jirani aliyesoma shule ili amsomee karatasi, na kama haina karatasi aliipeleka hivyo hivyo.

Mama alikaa mpaka daktari alipomwambia aache matone. Jicho lile halikuwa tena kama la kwanza. Jioni jioni lilikuwa linamletea ukungu, na mboni ikabaki na pengo lake. Lakini alishona kofia miaka mingi baada ya hapo, na akija Temeke alikuwa anaona vumbi chini ya kitanda changu kabla hajaketi.

Siku ya kuondoka mume wangu alimbebea mkeka mpaka kituoni. Basi la Kisiju lilikuwa halijajaa. Mume wangu alisema akae upande wa kulia, jua lisije likampiga jichoni. Mama alisema jua litakuwa kulia, akae kushoto. Mume wangu akamwonyesha kwa mkono jua linakotoka na njia inakoelekea. Mama akamwonyesha kwa mkono njia inavyopinda pale Mbagala. Utingo aliwasikiliza kwanza, kisha akaenda kupakia matenga ya watu.

Dereva akawasha gari. Mama akakaa kushoto. Mume wangu akasimama chini, anamweleza kupitia dirishani kwamba akifika Mbagala atakuja kumkumbuka. Kulikuwa na mawingu toka asubuhi, na siku ile jua halikutoka kabisa.